Mbwa Aliyechukuliwa Msibani

Ng'ambo, Tabora
14 Mei 2024

Adriano,

Nakuandikia barua kwa sababu Jumapili ulinikatia simu mara mbili, na mara ya tatu ukaiacha inaita. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Nimempa kondakta wa basi la Dodoma. Utaifuata stendi kama wenzako wanavyofuata vifurushi.

Baba tulimzika Jumamosi tarehe 4. Leo ni siku ya kumi na mbwa wake bado yuko kwa Mzee Sabiri, hapa Ng'ambo, nyumba ya nne kutoka kwenye cherehani yangu. Nitakueleza ilivyokuwa, maana ulikuwepo lakini inaonekana hukuona.

Tuliporudi kutoka makaburini, Mzee Sabiri alivaa koti la baba la reli, akaligeuza ndani nje, akamfungua Behewa pale nyuma ya jiko. Akatangaza kwamba mbwa wa marehemu sasa ni wake, na Wanyamwezi wakimtaka waje wamkomboe. Watu wakaanza kucheka. Mzaramo akifanya hivyo kwenye msiba wetu yuko kazini: anawatoa watu kwenye kilio. Na mtoto wa marehemu naye ana kazi yake. Unamkimbilia mtani, unashika kamba, unamtukana, anakutukana, mnavutana mpaka waliokaa kwenye mkeka wanashika mbavu. Halafu unampa kuku au kibaba cha unga, anaachia, yamekwisha.

Wewe uliingia jikoni ukatoka na bakuli la mbwa. Ukampa. Ukasema, "Chukua tu mzee, umetusaidia sana."

Mimi nilikuwa chumbani na mama. Zuwena, mke wa Sabiri, ndiye aliyenieleza jioni. Anasema kicheko kilikatika pale pale, wanawake wakarudi kukoroga maharage.

Mama ananipigia kila asubuhi kuuliza Behewa amekula nini. Na unakumbuka alichosema siku ya kuondoa tanga, mbele ya ukoo mzima: haendi kwako Dodoma mpaka aone kwa macho yake mbwa amepata watu na analala wapi. Akishaona, atafunga mzigo siku hiyo hiyo. Kwangu Behewa hawezi kuja. Mwenye nyumba wangu hataki mbwa hata apite mbele ya geti. Kwa Sabiri hawezi kukaa. Na hatuwezi kumpa mtu mwingine mbwa aliye mateka.

Panda basi uje umkomboe.

Dada yako,
Koleta


Dodoma
21 Mei 2024

Dada Koleta,

Shikamoo.

YAH: MBWA WA MAREHEMU BABA

Barua yako nimeipokea. Nimemtumia Mzee Sabiri fedha kwa simu leo asubuhi kama fidia ya usumbufu, na kwa hiyo suala la kukomboa naliona limefungwa.

Limebaki suala la nyumba ya mbwa. Mpangaji ataingia kwenye nyumba ya baba pale Itetemia tarehe mosi Agosti. Chumba cha mama hapa kiko tayari, kina dirisha upande wa mashariki, na daktari wa macho atamwona tarehe 12 Julai. Nafasi hiyo niliisubiri miezi mitatu. Jicho la kushoto anaona ukungu. La kulia litafuata. Wewe unaishi naye mji mmoja, unamwona kila siku, na hujawahi kuniandikia kuhusu jicho, lakini kuhusu mbwa umejaza kurasa mbili.

Nakuomba utafute mtu wa kumchukua. Uko hapo, unafahamiana na nusu ya mji. Usimtangaze kama mbwa wa ulinzi, watatudai. Mwaka juzi mwizi alibeba kuku watatu wa mama na Behewa akamsindikiza mpaka barabarani, jirani aliona. Sema ukweli: ni mkubwa, ana afya, ana miaka mitano, anapenda watoto, anapenda wageni, hajawahi kumng'ata mtu. Mbwa wa namna hiyo hakosi nyumba kwa wiki mbili.

Wako katika familia,
Adriano H. Lugembe


Ng'ambo
27 Mei 2024

Adriano mwana wa Hilari, mjukuu wa wapagazi,

Sikusalimii. Salamu yako ilikuja kwa ujumbe wa simu saa nne asubuhi, ikasema nimepokea elfu thelathini. Nimeirudisha saa nne na dakika sita, na makato nimekatwa mimi.

Nimeishi Tabora miaka arobaini na tatu. Ishirini na miwili kati ya hiyo nilifanya kazi reli na baba yako, mimi nikibadilisha njia za treni, yeye akiwa karakana ya mabehewa. Mwaka nilipofiwa na mama yangu, Hilari alisafiri siku mbili mpaka Kisarawe. Alipofika hakutoa pole. Alipanda kitanda cha marehemu, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akasema yeye ndiye mrithi na hashuki mpaka Wazaramo wampikie wali wa nazi. Shangazi zangu walikuwa hawajatia kitu kinywani siku ya pili. Walimvuta miguu, wakampiga kwa kandambili, wakacheka, halafu wakaomba chakula. Kazi hiyo hiyo ndiyo niliyokuja kumfanyia yeye.

Nilimshika mbwa kwa sababu kila aliyekaa pale alijua Hilari alimpenda. Nilitegemea uje mbio. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuanguka. Ukaniletea bakuli.

Sasa sikia hali yangu. Mimi na mke wangu ni Waislamu, na mama mkwe wangu yuko chumba cha nyuma na tasbihi yake. Mbwa wenu ana mwili wa ndama na ulimi wa fundi rangi. Akinilamba nanawa mara saba, moja kwa udongo. Nimejichotea udongo mpaka jirani anauliza nachimba choo. Nimemjengea kibanda nje ya ua kwa mabati mawili, lakini kila anayepita anamkaribisha ndani kama yeye ndiye aliyelipia ujenzi. Zuwena anasema kwenye nyumba hii mmoja kati yetu wenye manyoya ataondoka, na bado anafikiri yupi.

Utauliza kwa nini simrudishi. Kitu kilichochukuliwa msibani kikirudi bila kukombolewa, ni sawa na kutangaza kwamba marehemu hakuacha mtu. Hilari aliacha watu. Kwa hiyo simrudishi, na simtoi kwa yeyote, mpaka mtu wa nyumba yake ashike kamba.

Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwetu, miezi mitatu kwa miguu, na mzigo ulifika. Wewe umeshindwa kamba moja ya mbwa kutoka jikoni mpaka getini.

Kuku wako sitaki, unga wako sitaki. Nataka uvute, na watu wakuone unavuta.

Mtani wa baba yako,
Sabiri


Ng'ambo
3 Juni 2024

Adriano,

Mzee Sabiri alinisomea barua yake kabla ya kuituma. Nilimwambia aongeze maneno, akasema yametosha.

Uliniomba nimtafutie mbwa nyumba. Nimezunguka. Asnath, yule mama wa usharika wa Moravian anayelea yatima wawili, alikuja kumtazama, akakaa naye kidogo, akaondoka. Hakurudi. Masolwa, yule mfuga nyuki wa Ulyankulu aliyekuwa akimletea baba asali, alisema angemtaka kwa ajili ya nyumbani kwake. Naye kimya. Watu siku hizi wanataka mbwa anayebweka. Hakuna anayemtaka.

Mama hana shida. Anakula. Jioni tunakaa barazani mimi na yeye, nikimaliza kushona nakwenda Itetemia na kurudi kwa bajaji kabla giza halijaingia. Kuhusu jicho, aliniambia nisikuandikie. Nilimtii. Usinifundishe jinsi ya kumtunza mama. Ulipoondoka nyumbani kwenda seminari ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo umelala Itetemia siku ambazo naweza kukuhesabia.

Hilo la "wako katika familia" waandikie wanaokulipa mshahara.

Koleta


Dodoma
12 Juni 2024

Dada Koleta,

Shikamoo.

Sitaweka kichwa cha barua ili usipate cha kucheka.

Sikuamini ulichoandika, nikampigia Mchungaji wa Asnath kuulizia. Hakujua sababu, lakini alisema Asnath alikuwa na furaha ya kupata mbwa, halafu ghafla akasema hamtaki tena. Masolwa hana simu inayoshika kule anakoishi, sikumpata. Watu wawili wanampenda mbwa, wote wawili wananyamaza baada ya kuonana na wewe. Mimi sikuzaliwa jana. Nadhani hutaki mtu apatikane.

Nadhani pia unajua kwa nini. Mbwa akikosa nyumba, mama hasafiri. Mama asiposafiri, daktari wa tarehe 12 hamwoni. Kama nimekosea, niambie nimekosea wapi.

Kuhusu msiba. Ulikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Shangazi zetu wote walikuwa pale, wajomba walikuwa pale. Hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza, "Kimbia ushike kamba." Mnaniacha nianguke halafu mnanihesabia makosa kwa barua. Seminari hawafundishi utani. Walitufundisha kwamba mtu akikuomba koti, mpe na shuka.

Nitakuja tarehe 6 Julai na gari la kukodi. Nitamchukua mama, mbwa awe na nyumba au asiwe nayo.

Adriano


Ng'ambo
18 Juni 2024

Adriano,

Umekosea. Umekosea kila mahali, na sasa unapiga simu kwa wachungaji kunipeleleza kama mimi mwizi wa sadaka.

Nani alimgeuza baba kitandani miezi saba? Nani alikuwa akimpeleka Behewa dirishani ili baba aweke mkono kichwani kwake, mbwa mzima wa kilo arobaini nimemwinua kwa miguu ya mbele huku mgongo unaniuma? Ulikuja mara mbili. Mara ya pili ulikaa siku moja na nusu, nusu ukiwa kwenye simu. Leo unasema mimi nataka mama apofuke.

Asnath aliacha mwenyewe. Masolwa aliacha mwenyewe. Kama hutaki kuamini, shauri yako.

Na ukija na gari lako la kukodi kumbeba mama kama kabati, nitakaa mlangoni. Alitoa neno mbele ya ukoo. Mbwa kwanza.

Koleta


Dodoma
20 Juni 2024

Mzee Sabiri,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilikasirika, na mara ya pili pia. Bado nina hasira, lakini si kwako peke yako.

Sikujua. Hilo si udhuru, nakupa maelezo tu. Nilipokuona umevaa koti la baba, mikono yake imekufika kwenye vidole, nilitaka uondoke upesi mbele ya macho yangu. Ungeomba mlango wa nyumba ningeung'oa nikupe. Bakuli lilikuwa karibu.

Nitafika Tabora Jumamosi tarehe 6 Julai. Nitakuja kwako kwanza, kabla ya kwenda Itetemia. Waite unaotaka waone. Nitavuta.

Hizo elfu thelathini naomba unisamehe.

Adriano


Itetemia
2 Julai 2024

Kwa Koleta na Adriano,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, mmoja asije akasema mwenzake kaandikiwa vingine. Herufi ni kubwa kwa sababu ya macho. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Kuandika kwa herufi kubwa hakunishindi.

Alhamisi iliyopita Masolwa alikuja kunipa pole. Alileta asali kwenye dumu, akakaa, akanywa uji. Halafu akasema, "Pole pia na mbwa, mama. Nilimtaka, lakini nina mabinti watatu wadogo. Mbwa akishaonja mtoto hafai tena." Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Hilari afariki. Nilifikiri ananitania, ila Masolwa ni Msukuma, si mtani wetu, na kwa uso wake nikaona hatanii. Nikamuuliza nani kamwambia Behewa amemng'ata mtoto. Akatazama chini. Akasema, "Dada Koleta."

Nikachukua bajaji mpaka kwa Asnath. Sikumuuliza kwa kuzunguka. Naye aliambiwa mbwa anauma, na kwamba alimrarua mtoto mkono huko Uyui. Alikuwa ameshanunua mnyororo akaurudisha dukani.

Kutoka hapo nikaenda Ng'ambo. Koleta, nilipita nyuma ya cherehani yako, hukuniona, ulikuwa umeinama unatia uzi. Sikusimama.

Nilimkuta Sabiri amekaa kwenye ndoo nje ya ua wake na Behewa amemlalia miguuni. Nilishika kamba. Nikamwambia, "Mla nazi wewe, mwizi wa maiti, nipe mbwa wa mume wangu." Aliinuka kwa shida. Akasema hawezi kumpa bibi kizee wa kipagazi asiyeona hata anachovuta. Nikavuta. Akavuta. Behewa alidhani ni mchezo wake, akaanza kuturukia wote wawili, upande wangu halafu upande wake. Watu wa mtaa wakatoka. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini mlangoni. Mama mkwe wa Sabiri alifungua dirisha, akaniambia nikaze mkono. Sabiri akaanguka. Alianguka vizuri, sina la kumlaumu. Akaachia kamba, akasema, "Hilari ameacha mtu," akaenda kunawa.

Adriano, alinionyesha barua yako. Nimeisoma. Ni barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika, lakini ilikuja baada ya miezi saba ya maradhi ya baba yako na wiki saba baada ya kufa kwake. Uliambiwa njoo ukatuma fedha kwa simu. Juzi kwa simu uliniambia hakuna aliyekunong'oneza, ukanisomea na barua za dada yako. Ungekuwa unakuja nyumbani, ungekuwa umeona misiba kumi kabla ya huu, na usingehitaji mtu wa kukunong'oneza. Na hukuniuliza kama nataka dirisha la mashariki. Jua la asubuhi linaniumiza jicho la kushoto.

Jumatatu, yaani jana, nilikwenda Ulyankulu na Masolwa kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka mbolea. Behewa alikaa nyuma juu ya magunia, kichwa nje. Nyumba ya Masolwa iko pembeni mwa kijiji, baada yake ni msitu. Kuna stoo ya mizinga mitupu, kavu, ina mlango. Ndimo atakamolala. Niliingia nikapapasa sakafu kwa mkono. Mke wake Kabula alikuwa ameshatandika gunia. Binti mdogo alimshika masikio kabla mimi sijashuka kwenye gari, na Behewa akamlaza chini kwa kumlamba. Masolwa alisimama karibu na fimbo kwa muda, kwa sababu ya maneno aliyoambiwa. Baadaye akaiweka ukutani.

Wakati wa kuondoka nilimwita Behewa. Alikuja, akanusa mkono wangu, akarudi kwa watoto. Sikuumia. Mbwa huyu anakwenda na yeyote anayemfungulia mlango, na kwa miaka mitano hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Nilisema mbele ya ukoo kwamba nikiona analala wapi nitafunga mzigo siku hiyo hiyo. Nilifika Itetemia saa kumi na mbili jioni, nikafunga. Ni mabegi mawili na picha ya Hilari. Adriano, njoo tarehe 6 kama ulivyosema. Nitapanda gari, nitamwona daktari, nitakaa kwenye chumba chako. Usitegemee maongezi njiani.

Koleta, wewe nimekuacha mwisho kwa sababu kwako nina hasira zaidi, na nilitaka mkono uwe umetulia.

Mwenzako alikosa kwa kutojua. Wewe ulijua. Ulichukua kiumbe ambaye hajawahi kumwonyesha mtu jino, ukamsingizia damu ya mtoto, ukaacha Sabiri akinawa udongo wiki saba, ukaacha yatima wa Asnath wakae bila mbwa, ukamwandikia mdogo wako uongo na kumwita yeye mzushi. Na jioni ukaja barazani kwangu, ukanimenyea machungwa, nikawa nakuuliza, "Amepatikana mtu?" ukanijibu, "Bado, mama." Siku ishirini na kitu. Nilikuwa nakuombea kwenye rozari upate mtu.

Najua kwa nini ulifanya. Mimi ndiye niliyekuzaa, huhitaji kunieleza. Ulitaka nibaki.

Mimi nami sikutaka kwenda. Nilimtaja mbwa mbele ya ukoo kwa sababu nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme neno jingine. Wiki nane tumekaa barazani, wewe na mimi, hakuna mtu wa tatu. Ungesema, "Mama, usiende," ningekaa.

Ulisema mbwa anauma.

Mama yenu,
Eustadia